Simiyu, mto usio na mlima

Mwezi wa Septemba, sehemu kubwa ya Mto Simiyu ni mchanga mtupu. Ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Akina mama hushuka na madumu na bakuli, wakachimba shimo katikati ya mkondo, wakangoja maji yachuruzike chini, kisha wakayateka bakuli kwa bakuli mpaka dumu lijae. Nusu mwaka baadaye, mahali palepale, maji mazito ya rangi ya udongo hujaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yakakata njia za vijiji na kukokota magogo kuelekea ziwani.

Mvua peke yake haielezi tofauti hiyo. Mkoa wa Simiyu hupata takriban kati ya milimita 600 na 900 za mvua kwa mwaka, nyingi zaidi upande wa ziwa na chache upande wa Meatu. Ni mvua inayoweza kuotesha pamba, mtama, mahindi na dengu, na inayoweza kunywesha makundi makubwa ya mifugo. Tatizo lake ni kwamba hushuka kwa vishindo, saa mbili tatu za radi na mafuriko, halafu jua. Ardhi iliyo wazi haiwahi kuinywa. Maji ambayo yangesafiri chini kwa chini kwa miezi hupita juu kwa siku chache, yakaondoka na udongo.

Mito mingi inayosifiwa Afrika Mashariki ina mlima nyuma yake. Pangani ina Kilimanjaro na Meru. Tana ya Kenya ina Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Mlima hukinga mawingu, misitu yake hufyonza mvua, na chemchemi zake hutoa maji hayo kidogo kidogo wakati wa kiangazi, siku ambazo bondeni hakuna hata wingu. Hata Kilimanjaro, maji mengi yanayowafikia watu wa chini hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na barafu ya kileleni huchangia sehemu ndogo tu. Mlima ni ghala la maji.

Simiyu haina ghala hilo. Mto huu huanzia kwenye nyanda za Serengeti, ukashuka kuelekea magharibi kwenye ardhi ya mawe, vilima vifupi na mbuga pana, bila kilele chochote cha kuutunzia akiba. Kwa hiyo akiba yake yote imo katika vitu vinavyoonekana vya kawaida mno: udongo wa mashamba, majani ya malisho, miti ya kwenye miinuko na mchanga wa mkondo wenyewe. Vitu hivyo vinaondoka. Vinaondoka wakati uleule ambapo taifa linatumia fedha nyingi kuleta maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, na hatari kubwa ya sasa ni kwamba bomba litawafanya viongozi na wananchi wauage mto.

Mkoa mmoja, njia mbili za maji

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa rasmi mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga, huku Busega ikitoka Mwanza. Makao makuu yakawa Bariadi. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2.1. Ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni ndani ya miaka kumi, katika mkoa uliochukua jina lake kwa mto.

Bonde la Simiyu pamoja na mwenzake Duma lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 11,000. Mito yote miwili hutokea upande wa mashariki, kwenye hifadhi ya Serengeti, ikapita katikati ya vijiji vya wakulima na wafugaji, ikaungana, kisha ikaingia wilaya ya Magu. Hapo barabara kuu ya Mwanza–Musoma huuvuka mto kwa daraja, na baada ya hapo maji humwagika katika Ghuba ya Speke. Kaskazini yake, Mbalageti na Grumeti nayo hutoka Serengeti na kuishia kwenye ghuba hiyohiyo.

Upande wa kusini mashariki mambo hubadilika. Sehemu ya Meatu huelekea Bonde la Kati, ambako Mto Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri kwenda Ziwa Eyasi, ukiwa mpaka kati ya Simiyu na Singida. Maji yanayofika Eyasi hayana pengine pa kwenda. Huishia kwenye magadi na chumvi, yakakauka kwa jua. Wingu moja likinyesha juu ya mgongo wa Meatu, sehemu ya maji yake inaweza kuishia Eyasi na sehemu nyingine ikashuka Simiyu, ikavuka Ziwa Victoria, ikatoka Jinja na kufuata Nile mpaka Bahari ya Mediterania.

Safari hiyo ndefu iliwahi kuupa mto huu sifa duniani. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, akitokea Bagamoyo kuelekea ziwani, alipita katika bonde hili, akaamini kwamba Simiyu ndiyo chanzo cha mbali zaidi cha Nile upande wa kusini. Baadaye wapelelezi waliitazama Kagera na vijito vyake vya Burundi, na sifa ikahamia huko. Kagera huingiza ziwani maji mengi kuliko mto mwingine wowote, tena mwaka mzima, kwa kuwa hutoka kwenye milima ya Rwanda na Burundi. Simiyu huingiza maji machache zaidi, ya msimu. Lakini kwa upande wa tope na mbolea inayooshwa mashambani, watafiti wa ziwa wameitaja tena na tena miongoni mwa mito ya Tanzania inayochangia sana kuchafua Ziwa Victoria.

Mlima nao si kinga

Mtu anaweza kudhani kwamba Simiyu ingekuwa salama laiti ingekuwa na mlima. Kisiwa cha Nzwani huko Komoro kinatoa jibu. Ni kisiwa kidogo cha volkano katika Bahari ya Hindi, chenye mvua nyingi na mlima Ntringui unaofika karibu mita 1,600. Mito yake ilikuwa ikishuka kutoka kwenye misitu ya mlimani hadi baharini, masika na kiangazi. Kisha misitu ikafyekwa kupata mashamba ya ndizi na mihogo, na kuni nyingi zikaenda kwenye mitambo ya kukeneka mafuta ya mlangilangi yanayouzwa kwa watengeneza manukato wa Ulaya. Leo makumi ya mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima imekuwa mito ya msimu, na wanawake wa Nzwani wanatafuta maji chini ya mlima unaonyeshewa mvua kubwa.

Mlima wa Nzwani upo. Kilichoondoka ni uwezo wa ardhi yake kunywa mvua na kuitoa taratibu. Jambo hili linaihusu Bariadi moja kwa moja, kwa sababu linaonyesha mahali kazi ilipo. Hakuna serikali inayoweza kuijengea Simiyu mlima, ila uwezo wa ardhi kushika maji unaweza kurudishwa, na Wasukuma, wenyeji wa hapa, wamewahi kuurudisha.

Ardhi waliyoijua wazee

Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko. Juu kabisa kwenye mawe ni luguru. Chini yake kuna luseni, udongo wa kichanga ambao plau ya ng'ombe huulima kwa urahisi na maji hupenya haraka. Hufuata itogolo, ardhi ngumu ya malisho, na bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba masika. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani huko Usambara katika miaka ya 1930, alijenga nadharia yake maarufu ya mfuatano wa udongo kwenye mteremko kwa kutazama ardhi za Afrika Mashariki, Usukuma ikiwemo. Wakulima walikuwa wakilima kwa kufuata mfuatano huo kabla hajafika.

Mpangilio huu ndio mfumo wa maji wa Simiyu. Mvua ikipiga kwenye luguru yenye miti na majani, maji hupungua kasi, hupenya luseni, husafiri chini na kujitokeza ukingoni mwa mbuga. Mbuga hushika unyevu wiki nyingi baada ya mvua, na ndiyo maana mkulima wa Itilima au Maswa anaweza kupanda dengu mwishoni mwa masika na kuvuna bila mvua nyingine. Kinachobaki huingia mtoni taratibu na kulala ndani ya mchanga.

Miinuko ikiwa uchi, mfumo wote hugeuka. Maji hukimbia juu ya luseni, yakachimba makorongo, yakafukia mbuga kwa mchanga na kuufikia mto yote kwa pamoja.

Uchi huo una historia. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Waingereza, ikiongozwa kitaalamu na Charles Swynnerton aliyekuwa na kituo chake Shinyanga, iliwahamasisha watu kwa maelfu kupitia watemi wao kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Magonjwa yanayoenezwa na mbung'o yalikuwa yakiua watu na ng'ombe, na ufyekaji ulifungua ardhi kubwa ya kulima na kufugia. Haikuwa kazi ya kijinga, iliokoa maisha. Ila miti iliyoondoka haikurudishwa, na pamba ikaja kuchukua nafasi yake.

Pamba imeijenga Simiyu. Ni mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini, na ada za shule, mabati ya nyumba na mahari ya vijana wengi vimetoka kwenye magunia yake. Hata hivyo pamba ina tabia moja inayouumiza mto. Ili kuzuia wadudu wasihame kutoka msimu mmoja hadi mwingine, mkulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno. Ni kanuni sahihi ya kilimo. Matokeo yake ni kwamba mvua za kwanza za Oktoba na Novemba, ambazo huwa kali, hukuta maelfu ya ekari hazina hata bua moja. Ng'ombe wameshakula kila jani. Matuta mengine yameelekezwa kushuka mteremko badala ya kuukata. Siku mvua hizo zinapofika ndipo mto hupata tope lake zito kuliko siku zote za mwaka.

Mwaka 1947 wakoloni walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wenye makao Malya. Mpango huo ulijenga malambo, ukawahamishia watu kwenye maeneo mapya na kuleta amri nyingi: matuta ya kufungwa, kupunguza mifugo, adhabu kwa asiyetii. Kitaalamu, matuta yaliyofungwa yalikuwa na faida halisi, maana huzuia maji yasikimbie. Lakini yaliletwa kwa faini na askari, na watu wakayachukia pamoja na serikali iliyoyaleta. Upinzani dhidi ya amri hizo ukawa miongoni mwa mambo yaliyoipa TANU nguvu kanda ya ziwa katika miaka ya 1950. Uhuru ulipokuja, kanuni nyingi zikaachwa, mbaya na nzuri.

Ngitili ilivyorudi

Kilichofanya kazi kilitoka kwa watu wenyewe. Kwa muda mrefu Wasukuma walitenga ngitili, eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wapate malisho. Kuna ngitili za kaya na ngitili za kijiji. Sheria zake husimamiwa na jamii yenyewe, pamoja na dagashida, baraza la kimila linaloweza kumtoza faini anayeingiza mifugo kabla ya wakati.

Operesheni za vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 zilihamisha watu kutoka kwenye maeneo yao, na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI na kusaidiwa na Norway, zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Maofisa wake walijaribu kwanza kuotesha miche kwenye vitalu na kuigawa. Kisha wakatambua kwamba njia yenye nguvu zaidi ilikuwa kuwaachia watu wafunge maeneo yao kwa mila zao, maana mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai ardhini, ikingoja kupumzishwa. Kufikia mapema miaka ya 2000, ngitili zilizorejeshwa katika vijiji zaidi ya 800 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga, kwa hiyo sehemu ya mafanikio hayo ipo kwenye ardhi ambayo leo ni Simiyu. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ukiongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ulikadiria kwamba faida za ngitili zilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Hesabu hiyo ilijumlisha kuni, nguzo, asali, dawa, majani ya kuezekea, malisho na maji. Kwa maneno mengine, kaya iliyopumzisha ekari zake haikuwa inajinyima kwa ajili ya wageni wa Magu au wavuvi wa ziwani. Ilikuwa inajipatia riziki, na mto ukafaidika humohumo.

Ushindi huo umeanza kuliwa. Mradi ulipoisha, usimamizi ulibaki mikononi mwa vijiji vyenye watu wanaoongezeka, na vijana wanaorithi ngitili ya baba huigawa mashamba. Mkaa una soko la uhakika mijini. Wengi wa walio na ngitili hawana hati yoyote inayoonyesha kwamba eneo lile limetengwa kisheria, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinatoa njia ya kufanya hivyo.

Bomba na ghuba

Sasa maji ya ziwa yanakuja. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya yuro milioni 100 kwa mradi wa Simiyu wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, pamoja na fedha za Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, na mchango wa Serikali ya Tanzania. Lengo ni kuchukua maji pwani ya Busega na kuyapeleka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Hakuna anayewajua watu wa mkoa huu atakayeupinga mradi huo. Bariadi imeishi kwa visima. Maswa imetegemea bwawa la Zanzui na mji wa Mwanhuzi huko Meatu bwawa la Mwanyahina, na bwawa ni mtumwa wa mvua na tope. Meatu ina visima vyenye floraidi nyingi, madini yanayochafua meno ya watoto na kuharibu mifupa kadiri miaka inavyokwenda. Mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya kisima ana haki ya bomba leo, siyo kesho.

Lakini maji hayo yatatoka wapi? Pwani ya Busega iko kwenye Ghuba ya Speke, ghuba ileile inayopokea Simiyu na Duma kutoka Magu, Mbalageti na Grumeti kutoka kaskazini. Udongo ulioacha shamba la Itilima mwezi wa Novemba, mbolea ya samadi na ya dukani, mabaki ya dawa za pamba, vyote huelekea kwenye maji ambayo mkoa huu utayavuta, kuyasafisha na kuyapandisha tena hadi Bariadi. Ghuba ina kina kifupi ikilinganishwa na ziwa kuu. Naitrojeni na fosforasi zikizidi hulisha mwani na magugu maji, mwani huziba chujio na kupandisha gharama za dawa, na gharama za dawa huingia kwenye ankara ya mteja. Anayeacha mto uchafuke anajipandishia bei ya maji.

Vilevile bomba halitafika kila mahali. Litafika miji na vijiji vilivyo kandokando ya njia yake. Haliwezi kunywesha mamia ya maelfu ya ng'ombe wanaochungwa mbali na barabara, wala kuotesha dengu mbugani, wala kujaza visima vifupi vya vitongoji. Kazi hizo zitabaki za mto na ardhi yake, hata mwaka 2050.

Mchanga una kazi

Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa ilianza kujengwa kwa kasi: ofisi, shule, vituo vya afya, nyumba za watumishi. Kila jengo linahitaji mchanga, na mchanga uliooshwa vizuri kuliko wote uko mtoni. Lori hushuka, vijana hupakia kwa koleo, siku inaisha na mlo umepatikana. Vijana hao hawastahili kufukuzwa kama wezi. Hata hivyo mkondo unapochimbwa mpaka kwenye mwamba au mfinyanzi, ile akiba ambayo akina mama huchota Septemba inaondoka na lori, na kingo zisizo na tegemeo huporomoka mvua zinapofika.

Kenya inayo mifano miwili ya kujifunza. Katika Kitui, eneo kame kuliko Simiyu, vikundi vya wananchi wakishirikiana na taasisi ya SASOL wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji huwekwa juu ya mwamba kukata mkondo wa mto wa msimu. Mafuriko huja na kujaza mchanga nyuma ya ukuta, na kati ya punje za mchanga hubaki maji, robo hadi theluthi ya ujazo wote. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazaliani humo, na mchanga huyachuja. Maji huchukuliwa kwa kisima kifupi au bomba lililofukiwa. Simiyu, yenye mito mingi ya mchanga na miamba inayojitokeza, ina karibu kila sifa inayotakiwa.

Mfano wa pili ni wa sheria. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kusimamia nani anachimba wapi, kiasi gani, na sehemu gani ya mapato inarudi kutunza mto. Tanzania haijakosa msingi wa kuanzia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kinachokosekana ni alama ardhini. Mkulima aliyerithi bustani ya ukingoni hajaonyeshwa mita 60 zinaishia wapi, na hajaambiwa anaweza kupanda nini hapo bila kuuumiza mto. Majani ya malisho na miti ya matunda vinaweza kumpa kipato huku vikishika udongo.

Wapo watakaosema kwamba ardhi haitoshi. Familia yenye ekari tatu, watoto saba na ng'ombe kumi haiwezi kuambiwa ipumzishe ekari moja kwa ajili ya mto. Hoja hiyo ni nzito na haipaswi kujibiwa kwa hotuba. Jibu lake liko kwenye hesabu za 2005: ngitili ililipa. Leo inaweza kulipa zaidi, kwa kuwa mizinga ya nyuki, majani ya kuuza kiangazi na unenepeshaji wa mifugo vina soko ambalo miaka ya 1990 halikuwepo. Kinachotakiwa ni mtaji wa kuanzia na uhakika kwamba eneo halitaporwa.

Wengine watasema mafuriko ni ya tabianchi, na mkulima wa Simiyu hakuyaleta. Ni kweli kwamba hakuyaleta, na mvua kubwa ni za tangu zamani. Zile za 1961 na 1962 zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 ziwa likavunja rekodi ya 1964. Mvua kama hizo zitarudi. Zikiikuta ardhi iliyofunikwa, sehemu ya maji itazama; zikiikuta uchi, itakuwa hasara mara mbili, shamba lililobebwa na kisima kilichokauka miezi minne baadaye.

Basi kazi inayowezekana ndani ya miaka mitano ni hii. Halmashauri sita za mkoa, yaani Bariadi Mji, Bariadi Vijijini, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, zisajili ngitili zote zilizobaki kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, na ofisi ya ardhi iende kijijini badala ya kumngoja mzee aje mjini na mafaili. Sehemu ya ushuru wa mchanga irudi mtoni moja kwa moja, na vikundi vya vijana wapakiaji wapewe sehemu halali za kuchimba pamoja na kazi ya kujenga mabwawa ya mchanga, wakikopeshwa kupitia asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Bodi ya Pamba na maofisa ugani wafundishe matuta yanayokata mteremko na mazao ya kufunika ardhi baada ya masalia kung'olewa, safari hii kwa mashamba ya mfano na siyo kwa faini. Viwanja vya Nyakabindi huko Bariadi, vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, ni mahali pazuri pa kuonyesha shamba la namna hiyo mwaka mzima.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo ikilinganishwa na bomba lenyewe, na mradi wa bomba unatambua kwamba kilimo na ardhi ni sehemu ya kuhimili tabianchi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza, ina wataalamu wa kupima mito. Iongezewe fedha ipime Simiyu na Duma katika sehemu kadhaa, kila msimu: maji yameacha kutiririka juu ya mchanga mwezi gani, visima vya mkondoni vimekauka lini, na tope kiasi gani limepita darajani Magu. Majibu hayo yasomwe kwenye mabaraza ya madiwani kabla bajeti haijapitishwa, sambamba na idadi ya nyumba zilizounganishwa na maji ya ziwa. Diwani wa kata iliyo kando ya mto atakuwa na takwimu za kudai fedha za ngitili na mabwawa ya mchanga, na wapiga kura wake watajua kama mto wao umedumu wiki mbili zaidi ya mwaka uliopita au umekauka mapema zaidi.